Vizuri Sana, Tuendelee

Niliisikia sauti yangu kabla sijaona mtu. Ilitoka ndani ya mahindi, nyembamba, yenye mkwaruzo kidogo, ikieleza kwamba sehemu mbili zenye asili tofauti haziwezi kujumlishwa hivi hivi. Nilisimama njiani. Mahindi yalikuwa yamenizidi kimo na kwa muda sikuona kingine ila majani. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na tangu jana yake usiku sikuwa nimesema na mtu neno lolote zaidi ya salamu. Kumbe huku nilikuwa naongea.

Nilikuwa nimepelekwa kijijini Natta, mkoani Mara, kwa mazoezi ya kufundisha, mimi mtu wa Morogoro. Chuoni tulikuwa tumeambiwa mpaka tukakariri kwamba mwalimu wa leo anafundisha kwa TEHAMA, kwa hiyo nilifika na simu, spika ndogo na hamu kubwa. Shuleni umeme ulikuwa wa sola, unaotosha taa ya ofisi na kuchaji simu za walimu kwa zamu. Mtandao ulipatikana juu ya jiwe moja nyuma ya vyoo. Nilisimama juu ya jiwe lile jioni nzima nikipakua video ya volkano. Kesho yake darasa likaitazama kwenye kioo cha simu, mstari baada ya mstari, na zamu ya mstari wa mwisho ilipofika simu ilikuwa imezima. Wakaniambia, kwa adabu, kwamba wameiona.

Nyumba niliyopewa ilikuwa na vitanda viwili. Mwenzangu tuliyepangiwa pamoja aliomba kuhamishiwa Tarime mjini hata kabla ya kufika. Dukani watu walizungumza Kinata, lugha ya kwao. Nikitokea, walihamia kwenye Kiswahili kwa ajili yangu, kama watu wanaosogea kwenye benchi kumpisha mgeni, na mazungumzo yakafa papo hapo. Sikuwalaumu. Nilinunua chumvi nikaondoka ili waendelee.

Mwenye shamba lile alikuwa mama wa mwanafunzi wangu, binti wa darasa la saba. Baba yake alikuwa mpishi kwenye kambi ya watalii na alirudi nyumbani kwa nadra. Mahindi yalipoanza kubeba, nyani wakaanza kushuka mchana kutoka porini, na binti akaacha kuja shule. Nilimfuata mama yake nyumbani.

"Akija kwako, mwalimu, nani atawafukuza?" aliniuliza. "Wewe?"

Akacheka, lakini alikuwa akisubiri jibu. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa unakaribia, na bila hesabu binti yule asingefika sekondari. Nikasema nitarekodi masomo kwenye simu, niyahamishie kwenye memori kadi, naye atasikiliza kwenye redio yao ndogo huku analinda. Mama akapiga makofi. Nami nilirudi nyumbani nikijiona mwalimu wa kesho.

Tangu hapo, kila Ijumaa jioni, mama alikuja na kadi. Alikuwa mtu pekee aliyegonga mlango wangu. Aliketi kwenye kile kitanda kitupu wakati mimi nahamisha masomo, akaleta viazi vitamu au maziwa kwenye kidumu, na habari za kijiji kizima.

"Redioni umenenepa," aliniambia siku moja. "Hapa umekonda. Hivi unakula?"

"Nakula, mama."

"Unameza tu. Mtu akila peke yake anameza." Kisha akaongeza kwamba nyani wananiogopa. "Ukisema 'haya, kalamu chini,' wanakimbia mpaka mtoni. Ongea kwa ukali, mwanangu, hao ndio wanafunzi wako watiifu."

Mkufunzi aliyekuja kunikagua alifurahi pia. Aliandika neno *ubunifu* akalipigia mstari.

Kwa hiyo Jumamosi ile nilikuwa naenda kumwona mwanafunzi aliyenipatia mstari ule. Nilipenya kati ya mahindi nikamkuta amekaa juu ya kichuguu, manati mapajani, redio imening'inia kwenye mti mdogo. Alikuwa amenipa mgongo. Ndani ya redio nikauliza, "Nusu jumlisha theluthi ni ngapi?" Kisha nikanyamaza. Niliutambua ukimya ule. Niliurekodi chumbani nikiwa nimekodolea ukuta macho, ili huko niendako mtu apate muda wa kujibu.

"Mbili juu ya tano," binti alijibu, kwa sauti ya darasani kabisa.

"Vizuri sana!" nikasema redioni. "Tuendelee."

Akatabasamu. Alikuwa amejumlisha za juu kwa za juu na za chini kwa za chini, kosa la kila mtoto, kosa ambalo darasani ningelimaliza kwa chaki na dakika chache. Lakini sikuwepo. Alikuwepo mtu mwenye sauti yangu, na huyo alimsifu.

Nilikohoa. Binti akaruka chini, akashika redio akaizima, kana kwamba haikuwa heshima kunisikiliza pande mbili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Na yule?"

Mwisho wa mstari wa mahindi alikuwa amekaa nyani dume, anamenya hindi bila haraka.

"Walikuogopa mwanzoni tu," binti alisema, huku akiweka jiwe kwenye manati. "Sasa wamejua hurushi mawe."

Alimfukuza, akarudi. Nikachora kwenye udongo mstatili, nikaugawa sehemu sita, nikamwonyesha nusu na theluthi. Alielewa upesi, upesi kuliko nilivyostahili. Akautazama mchoro kwa muda, kisha akaniuliza taratibu:

"Na yale mengine yote uliyosema vizuri sana, mwalimu?"

Ijumaa iliyofuata nilipika chai ya watu wawili. Mama aliingia, akaweka kadi mezani, akaketi.

"Leo sijarekodi, mama. Aje darasani."

"Umechoka kuongea? Mwalimu gani huyu anachoka kuongea!"

"Anakosa, nami namwambia amepata. Simwoni. Akiwa mbele yangu, nikimtazama jicho tu najua."

"Na mahindi? Nayo utayatazama jicho?"

"Hesabu ni asubuhi. Mchana atarudi shambani."

"Ahaa. Nyani nao wana ratiba."

"Jumamosi nitakuja kulinda mimi."

"Wewe watakucheka." Lakini yeye mwenyewe hakucheka. "Ulisema redio inatosha. Nikakusifu kwa mume wangu, nikakusifu kwa majirani."

"Nilisema, mama. Haitoshi."

Alikunywa chai. Nilijua anachopima: magunia ya mahindi upande mmoja, mtoto upande mwingine, na miguu yake mwenyewe katikati. Mimi nami nilikuwa na langu. Ningeweza kurekodi somo fupi tu la marudio, kitu kidogo cha kumleta hapa kila Ijumaa. Alikuwa mtu wa kukubali. Sikulisema.

"Jumatatu atakuja," alisema hatimaye. "Nitalinda mimi kutwa nzima, yeye asome."

"Asante, mama."

"Usinishukuru. Nitakuwa huko mpaka giza, nikirudi kuna watoto na moto. Huku sitakuja tena kukaa."

"Najua."

"Unajua," alirudia, akanitazama usoni kama vile mimi ningemtazama binti yake, akitafuta kama kweli nimeelewa. Akaifunga kadi kwenye pindo la kitenge. Nilitaka kumwambia chai bado ipo. Alikuwa ameshainuka, ameshatoka, na akauvuta mlango nyuma yake kwa nguvu. Mlango ule haukufungika bila nguvu, na sikujua ni sehemu gani ya nguvu zile ilikuwa ya mlango na ipi ilikuwa yangu.