Kilemba cha Babu Kwenye Chumba cha Kufulia

Ratan Kanwar amekaa Alby muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote ninayemjua anayezungumza Kiswahili hapa Stockholm. Alizaliwa Jinja, akaletwa Sweden akiwa msichana mwaka 1972, Wahindi walipofukuzwa Uganda. Alipika kwenye jiko la shule mpaka alipostaafu, na hadi leo vijana wenye ndevu humsalimia kituoni kwa heshima, maana aliwahi kuwaongezea viazi. Waburundi wa jengo lake humwita Mama Ratan. Anaishi na mjukuu wake Hanna, binti wa chuo, ambaye humsikia bibi yake kwa Kiswahili na kumjibu kwa Kiswidi.

Familia yake ni Marajputi, watu wa Rajasthan ambao kwa vizazi vingi kazi yao ilikuwa uaskari. Babu yake, Guman Singh, havildar (yaani sajini) katika kikosi cha 13 cha Marajputi, aliletwa Tanga na jeshi la Waingereza mwaka 1914 kupigana na Wajerumani, na baada ya vita akabaki Afrika. Aliacha vitu viwili: kilemba chekundu chenye urefu wa chumba kizima, na medali ya fedha ya ushujaa.

Mimi si mpenzi wa medali za wakoloni. Zilitolewa na watu wale wale waliowapakia maskini melini na kuwashusha wafe kwenye nchi ambayo hata jina lake hawakulijua. Lakini nilitaka Ratan aje azungumze na chama chetu cha vijana pale Fittja, kwa sababu katika vitabu vya vita ile majenerali wana majina na picha, na wenzao wote ni idadi tu. Nikamfuata nyumbani. Akanipa chai, akakataa.

"Sijui kama ni yake," alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa lililokuwa likimla tangu mwezi wa nane. Kaka yake, Devi Singh, anayeishi Leicester, alimpigia simu akamwambia kwamba kikosi cha babu yao kilikimbia vitani kule Tanga, kwamba hilo limeandikwa kila mahali, na kwamba huenda baba yao aliinunua medali ile sokoni Kampala ili apate cha kujivunia mbele ya wakwe. Ratan akamwambia anatukana wafu. Devi akajibu: "Basi kwangua ukingo wake uangalie. Waingereza waliandika jina la mtu pembeni ya kila medali."

Rahisi kusema. Marajputi wana sikukuu ya Dasara, ambapo huzipa silaha heshima: huweka upanga juu ya kitambaa, huupaka kumkumu, ule unga mwekundu wa ibada, na kuomba. Familia ya Ratan haina upanga. Ina medali. Kwa hiyo kila mwaka, tangu enzi za bibi yake, medali ilipakwa kumkumu iliyokorogwa na samli, usoni, mgongoni na ukingoni, na haikufutwa kamwe. Kufuta ni kufuta dua za waliotangulia. Tabaka juu ya tabaka, ikawa kama kipande cha udongo mwekundu. Kisha huviringishwa ndani ya kilemba na kurudishwa kabatini.

"Mama, si uchukue kisu tu," nilimwambia. "Ukweli ni bora."

"Kisu? Nenda kamkwangue babu yako."

Baadaye, akinisindikiza kwenye lifti, akasema kwa sauti ya chini, "Si dini peke yake, mwanangu. Naogopa. Nikikuta jina la mtu mwingine, nitakuwa nimemwomba nani maisha yangu yote?"

Jumamosi ya mkutano wetu ilikuwa inakaribia na Dasara ilikuwa imetoka kupita. Hanna alijua bibi yake amekataa, ila aliamini atabadili mawazo dakika za mwisho, kama kawaida yake. Akakitoa kilemba kabatini. Kilinuka kafuri na samli ya zamani. Kwa moyo safi kabisa akaona akifue, bibi akija kukihitaji akikute kisafi. Alidhani medali imo kwenye kisanduku cha vito. Akashuka nacho tvättstuga, yaani chumba cha kufulia cha jengo zima kule chini, akakitia kwenye mashine kama kilivyoviringishwa, bila kukikunjua.

Ratan aliporudi kutoka dukani alikikuta kilemba kimetandazwa kwenye balkoni, kikichuruza maji ya rangi ya waridi.

"Hanna. Iko wapi?"

"Vad då, mormor?" Hanna aliuliza, yaani nini, bibi?

"Medali! Ilikuwa humu ndani!"

Walishuka ngazi bila kusubiri lifti. Anayejua tvättstuga za Sweden anajua kwamba zamu ya kufua ni kitu kitakatifu. Saa yako ikiisha, unaondoka. Zamu ya Hanna ilikuwa imeisha, na mashine ile ile ilikuwa tayari inazunguka na nguo za mtu mwingine, mlango umejifunga. Nyuma ya kioo maji yalikuwa mekundu.

Hanna akaanza kubonyeza kila kitufe. Mashine ikaendelea na mambo yake.

"Acha," Ratan alisema, akakaa kwenye benchi. Kumkumu ya bibi yake, ya mama yake na ya kwake ilikuwa ikimung'unyuka mbele ya macho yake, na hakuna mkono wa mtu ulioweza kuizuia. "Acha tu. Sasa itasema yenyewe."

"Förlåt, mormor. Förlåt." Hanna alikuwa analia, akiomba msamaha.

"Najua. Kaa hapa."

Hawakukaa sana. Mlango ukafunguliwa, akaingia Gratien na kikapu chake, Mburundi wa ghorofa ya tatu, mwalimu wa kwaya. Alikuwa akiimba puani. Alipoona kioo, wimbo ukakatika.

"Yesu wangu! Nani amechinja humu ndani?"

"Mwalimu, samahani," Ratan alianza.

"Mama Ratan, haya ni majoho ya kwaya! Meupe! Jumapili tunaimba mbele ya askofu!"

"Ni kumkumu, Mwalimu. Ni ya kwetu. Kuna kitu kimebaki mashineni."

"Kitu gani? Mbuzi?"

Mashine ilisimama, kufuli ikalia. Gratien akafungua na kuvuta joho la kwanza. Lilikuwa rangi ya waridi, waridi ya keki ya harusi. Akavuta la pili, la tatu, kila moja akiliinua juu na kulitazama kama mtu anayetambua maiti. Kutoka kwenye mkono wa la nne kikadondoka kitu, kikagonga sakafu na kubingirika mpaka kwenye kiatu chake. Akakiokota. Kilikuwa cheupe, kinang'aa.

Ratan hakunyanyuka. Hanna ananiambia alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili na macho ameyafumba.

Gratien, bado ana hasira, alikigeuza kitu kile kwenye taa, akasogeza miwani. "Kuna maandishi hapa pembeni. Havildar... Guman Singh. Kumi na tatu, Rajputs." Akainua kichwa. "Sasa huyu Guman Singh ni nani, na kwenye kwaya yangu anaimba sauti gani?"

Ratan akatoa sauti ambayo Hanna hakuwahi kuisikia, kitu kati ya kwikwi na kicheko, akajifunika uso kwa ushungi, mabega yakitikisika.

"Mama, nimekosea nini?" Gratien alisema, hasira imemtoka yote. "Mama Ratan?"

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hilo jina. Lisome tena."

Akalisoma tena, safari hii polepole, kama anayesoma neno kanisani. Hanna akaichukua medali akaiweka kwenye kiganja cha bibi yake, na Ratan akapitisha kidole kwenye ukingo, herufi moja baada ya nyingine, mzunguko mzima.

"Anaimba besi," alisema mwishowe. "Babu yangu. Sauti yake ilikuwa nzito."

Majoho yalirudishwa mashineni na siki ya Ratan chupa nzima, ingawa Gratien alishakata tamaa nayo, na wote watatu wakakaa kwenye benchi kusubiri. Hapo, si Fittja mbele ya vijana na vipaza sauti, ndipo Ratan aliposimulia. Kwamba ni kweli wengi walikimbia Tanga. Walikuwa wametoka kwenye meli wagonjwa, bila kujua wanakokwenda, risasi mbele, na juu nyuki wa vichakani waliochokozwa na zile risasi. Kwamba Guman Singh alimbeba afisa Mwingereza mpaka ufukweni, na kwa hilo wakampa medali. Na kwamba alirudi tena kwenye vichaka kumfuata mchota maji wa kikosi, mtu wa tabaka ambalo Rajputi hakuligusa hata kwa kivuli, akamtia mgongoni. Kwa huyo hakupewa kitu, wala hakuna aliyeandika.

"Yule mchota maji akawa anapiga kelele, nishushe bwana, utanajisika," Ratan alisema. "Babu akamwambia, nyuki hawajatuuliza ukoo."

Gratien alicheka, kisha akawa mzito. "Alipona lakini?"

"Alipona. Akamnunia babu mwezi mzima."

"Kwa nini tena?"

"Kwa sababu alikiacha kiriba chake cha maji kule vichakani. Kiriba kipya!"

Hanna ndiye aliyecheka kwa nguvu kuliko wote, halafu akauliza, kwa Kiswahili, yule mchota maji aliitwa nani. Bibi yake alilijua jina. Akamwambia.