Majivu Yaliyokuwa Hai

Kosa langu la kwanza katika kazi ya uyoga lilikuwa kuiogopa mbolea. Juzi nilifukua lundo langu hapa Beu, nikaona unga mweupe ndani ya majani ya moto, na mara nikajiona tena mtoto, uani kwetu Mususa.

Mji ulikuwa umefungwa siku hiyo, watu wote wamekatazwa kutoka nje. Mama alitia kufuli kwenye geti, na barabara ilikuwa kimya kiasi cha kusikia kuku wa jirani wakiparua. Nyuma ya nyumba palikuwa na lundo la majani ya maharagwe na mavi ya kuku, alilolitayarisha ili aoteshe uyoga wa karamu ya komunyo ya kwanza ya dada yangu. Lilinuka vikali na kutoa mvuke. Nilichimba kwa mkono, joto likanichoma, na ndani nikaona unga mweupe kama majivu. Niliamini moto umejificha humo, nasi hatuna pa kukimbilia. Nilimwaga maji ndoo baada ya ndoo huku nikilia.

"Mama, kuko moto!"

"Moto gani? Ile nyeupe ni badudu badogo, banapikia uyoga chakula. Umebazamisha bote, pompier wangu wa kuzima moto!"

Alicheka, lakini lundo likaoza na kunuka mayai mabovu. Kwenye komunyo tulikula sombe tupu, majani ya muhogo bila uyoga.

Sasa najua kwamba joto lile linatoka kwa viumbe hao wanapokula na kupumua. Milango iliyofungwa bado inanitisha, na bado nina haraka ya kurekebisha kila kitu kwa mkono wangu. Lakini lundo likipata joto, nalifunika na kuliacha.