Maikrowevu ya tata ilivyoingia kwenye mahari yangu

Wakuu, yambo sana kutoka Kolwezi. Kiswahili changu ni cha Katanga, mtanivumilia.

Siongezi chumvi hata punje. Mke wangu Ngalula amekaa hapa pembeni anasoma, nikidanganya atanirarua.

Enzi za Zaïre, tata, yaani baba yangu, alikuwa msimamizi mgodini, tukikaa Dilala kwenye nyumba za kampuni. Muzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao akamuuzia maikrowevu mpya, ingali kwenye katoni.

Muzungu alimwonya asiweke chuma ndani. Tata akaongeza sheria yake: na chakula pia marufuku, isije ikanuka samaki!

Basi jikoni haikufika. Ilikaa salon, yaani sebuleni, juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma cha mama, na maua ya plastiki juu yake.

Mgeni akija, tata anatoa maua, anakunja kitambaa, anabonyeza. Taa inawaka, sahani ya kioo inazunguka tupu, mgeni anapiga makofi.

Hatukujua kwamba kuiwasha tupu kunaiua. Aliyejua alishapanda ndege.

Sasa wakuu, mi nampenda Ngalula, na kuna jamaa wa Tenke, wa reli, naye anamtaka. Familia ya Ngalula, watu wa Kasai, wakasema wanakuja kuona nyumba yetu kwanza.

Tata, bila aibu, akawatumia habari kwamba mashine itapasha chakula mbele ya macho yao.

Wakachelewa. Bukari, yaani ugali wetu, ikapoa ikawa ngumu. Na kwetu kumpa mkwe bukari baridi ni tusi, ni kumwambia hatukutaki.

Walipofika, tata akaiingiza kwenye mashine mbele yao, akabonyeza. Taa ikawaka, sahani ikazunguka, ikalia ting!

Akagusa. Baridi vilevile.

Uso wake ulivyobadilika, nikajua Ngalula ameshakwenda Tenke.

Mama akadaka fasta: "Bakwe, mutoke kwanza inje, tata abaonyeshe mapapai yake. Hii mashine haipende macho ya batu mingi."

Wakatoka, tata mbele, anahubiri mapapai kama askofu.

Mama mbio nyuma ya nyumba, kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Mi napepea, yeye anasonga bukari mpya, jasho linamtiririka. Tukaitia kwenye mashine, tukafunga mlango.

Waliporudi, mama akamkonyeza tata, naye akabonyeza kidogo tu. Ting! Mlango ukafunguka, mvuke puuu!

Makofi, vigelegele! Mama mkwe peke yake hakushangilia, anakula huku anamtazama mama yangu.

Wiki ile ikaja orodha ya mahari: mbuzi, suti ya baba, vitenge vya mama, na "mashine moja kama ile ya kwenu".

Mayo! Ya pili ningeitoa wapi? Tata akatoa ile ile, karibu alie.

Nikaoa. Lakini miaka mingi, kila nikienda ukweni naikuta pale salon, na kitambaa chake, na maua yake. Baba mkwe anabonyeza, napiga makofi, roho iko juu: leo watatia chakula, leo naumbuka.

Nikachoka. Siku moja nikamwambia mama mkwe kila kitu, nimeinamisha kichwa.

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mi nilijua siku ile ile. Mama yako alikuwa na majivu mpaka kwa viwiko. Nikasema, mama anayekimbia vile kuficha haya ya bwana yake, mutoto wangu atakaa muzuri kwake."

"Sasa mama, mashine muliomba ya nini?"

"Eh, mutoto! Kupika tuko na mbabula. Ile tulitaka ya salon."

Somo nililopata, wakuu: ukweli ningeusema mapema ningelala vizuri miaka yote ile. Na mama yangu, nampenda, ndiye aliyeniozesha.

Haya, nani mwingine ana kitu cha jikoni kinachoishi salon? Semeni bila aibu. Ngalula anasema ya kwao bado inawaka taa.