Kwenda Somanga kwa Baiskeli Iliyosingwa

Baba aliacha kupanda baiskeli macho yake yalipopungua nuru. Zamani aliizungusha nchi nzima ya Kilwa akiuza kanga, kisha ikakaa uani ikiota kutu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipoitaka, nilimsihi baba asiiuze.

Baba akasema, "Dada yako amemaliza arobaini. Nenda Somanga ukamlete pamoja na mjukuu wangu, nimpakate. Mkirudi juu ya baiskeli, ni yako. Mkirudi mnaikokota, naiuza."

Sikuwahi kutengeneza hata kigoda. Nilisugua kutu kwa mchanga na majivu, nikaziba mipira, nikanyoosha usukani. Mnyororo niliupaka mafuta ya nazi mengi, maana kwetu nywele, magoti na bawaba za mlango vyote hutibiwa kwa nazi. Mama akacheka: "Hukuitengeneza, mwanangu. Umeisinga kama bibi harusi!"

Alfajiri niliondoka Kivinje. Mwanzoni ilikwenda vizuri, nami nikajiona mkubwa. Baada ya Nangurukuru lori la Bwana Shauri, afisa wa serikali, lilinipita, likaniachia wingu la vumbi. Vumbi lote likanata kwenye mnyororo, ukaanza kusaga kama jiwe la kusagia. Kila mwendo kidogo ulichomoka.

Kufika Njia Nne nilimwona mtu akiziba mpira wa baiskeli barazani. Nilitaka kumwuliza, lakini mimi ni mtu wa haya. Niliinamisha kichwa nikapita. Wanawake waliotoka kisimani wakanusa. "Kaka, umebeba wali wa nazi?" mmoja akaniuliza, na wenzake wakacheka mpaka maji yakamwagika.

Jioni niliingia Somanga nikiikokota. Dada Mwanaidi alifurahi kuniona, lakini aliposikia mnyororo ukilia akamkumbatia mtoto wake. "Huyu simpandishi kwenye kinu hicho!"

Shemeji Hamisi, mumewe, hupeleka samaki bara kwa baiskeli. Aliutazama mnyororo, akacheka. "Shemeji, umekaanga mchanga. Uoshe kwa mafuta ya taa, uukaushe, kisha tone moja moja la mafuta ya cherehani. Fundi yuko pale. Kaombe."

"Nenda wewe, shemeji."

"Baiskeli ya nani?"

Asubuhi nilikwenda kwa fundi cherehani. Watu walijaa barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Suruali?"

"Hapana, mzee. Mafuta."

"Ya kupikia?"

Watu wakaangua kicheko. Nilitamani kukimbia, lakini nilimkumbuka baba akingoja. Nikasema kwa sauti, "Mnyororo wangu niliupaka nazi, umekula mchanga, na leo nataka kumpeleka mtoto kwa babu yake!"

Fundi akasimamisha cherehani. "Sasa umesema." Akanipa kikopo kidogo cha mafuta, na mzee mmoja akaja nami; mnyororo ulipokwisha kuoshwa kwa mafuta ya taa na kutiwa matone, akanionyesha namna ya kukaza gurudumu ili usilegee. Hakuna aliyecheka tena, isipokuwa mimi.

Tulipoondoka Mwanaidi alikaa kwenye keria, mtoto amefungwa kwa kanga kifuani. Penye mchanga mwingi alishuka, penye mteremko alinipiga mgongoni: "Polepole, wewe! Umebeba watu, si magunia!" Mnyororo ulizunguka kimya.

Alasiri ya siku ile tuliingia Kivinje, nikikanyaga mpaka mlangoni. Baba alikuwa barazani, kichwa amekiinamisha upande, akisikiliza. Mtoto akalia. Baba akashtuka, akanyoosha mikono.

"Mmefika lini? Nilitega sikio nisikie baiskeli, nimemsikia mjukuu!"

Mnunuzi wa vyuma alirudi siku za mbele, akapewa maji ya kunywa akaenda zake. Nami nimejifunza kwamba mafuta kidogo hutosha, na kwamba kuuliza ukiwa bado Njia Nne ni nafuu kuliko kukokota mpaka Somanga.