Salamu za Mama Zawadi Barazani

Siku ya kwanza kazini nilifika Alby, kitongoji cha wahamiaji huku Uswidi, mapema mno, nikazunguka kituo cha treni nikijiuliza kama kuwahi kupita kiasi nako ni utovu wa adabu. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya siasa. Mama Zawadi, Mtanzania aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wapangaji, alihitaji katibu wa kujitolea. Nilimkuta kwenye chumba cha kufulia cha jengo lao, akikunja mashuka ya jirani aliyevunjika mkono.

"Wewe ndiye Wanjiru? Shika pembe hiyo. Umeshakula?"

Nilidhani swali hilo ni sehemu ya usaili. Mpaka mashuka yanaisha nilikuwa bado natafuta jibu.

Nyinyi mnaoishika kazi hii sasa mnamjua kama mbunge. Mimi nilimjua enzi za mashuka. Mchana alihudumia wazee majumbani mwao, jioni, alipoanza kugombea udiwani, tulibisha hodi kwa wapiga kura. Chama chetu cha siasa kilitufundisha kubisha, kutoa kipeperushi na kuondoka. Yeye alivua viatu, akaingia, akauliza habari za mtoto, za mgongo, za mama aliyebaki Bujumbura. Siasa ilikuja na kikombe cha pili cha chai.

"Mama, tunachelewa," nilimnong'oneza.

"Nyinyi Wakenya mnaingia kwenye mazungumzo kama mnaingia dukani," alijibu kwa sauti, na wenye nyumba wakacheka.

Kwa mwendo huo huo akachaguliwa diwani. Kisha likaja pendekezo la kufunga kituo cha vijana cha mtaani kwetu, jirani na Alby. Watoto wa familia zilizobanana kwenye vyumba viwili walifanyia kazi zao za shule pale. Pale pia ndipo nilipopata utulivu wa kusomea mitihani yangu enzi za shule.

Barazani kila msemaji hupewa dakika mbili, kisha mwenyekiti hugonga nyundo. Niliandika hotuba ya kutosha dakika hizo tu. Niliisoma mbele ya friji, nikabadilisha neno moja, nikalirudisha.

Mama Zawadi alipanda jukwaani, akailaza karatasi yangu kifudifudi, akaanza kusalimia kwa Kiswidi chake cha taratibu. Alimshukuru mwenyekiti. Akawapa pole makarani kwa kukaa muda mrefu. Akamgeukia Lennart, diwani mzee wa chama pinzani ambaye hakuwahi kupiga kura upande wetu, akamuuliza goti linaendeleaje tangu upasuaji.

Nyundo ikagonga. Kuhusu kituo hakuwa ametamka hata neno moja.

Nikiwa kwenye viti vya wageni, nilianza kutunga barua ya kujiuzulu kichwani.

Lakini barazani, ukitajwa na msemaji unayo haki ya kumjibu kwa muda mfupi. Haki hiyo huitwa replik. Lennart aliinua mkono, akaenda jukwaani na fimbo yake, pole pole.

"Goti linapona," alisema. "Miaka yangu yote humu ndani hakuna aliyewahi kuniuliza. Sasa na mimi namuuliza diwani: alikuja kutuambia nini?"

Kwa kuwa ameulizwa, naye akapata haki ya kujibu.

"Nyumbani meza moja, watoto watano," alisema Mama Zawadi. "Kituo ndiyo meza ya pili. Mkiifunga, nionyesheni ya tatu iko wapi."

Akashuka kabla ya nyundo. Lennart akapiga kura upande wetu, na wawili wa chama chake wakamfuata. Kituo kiko wazi mpaka leo, na jioni ukipita utaona taa zake.

Sasa nami naondoka, nimepata kazi ya mshahara mjini. Nitakumbuka mvuke wa chumba kile cha kufulia, na viatu vyetu viwili viwili kwenye milango ya watu. Hotuba ya mwisho niliyomwandikia ilikuwa ya bungeni. Aliishika mbali na macho, akaitazama.

"Huku juu umesahau kuandika."

"Sikusahau, Mama. Hapo ni pa salamu."

Aliikunja taratibu kama shuka.

"Umeshakula?"

"Bado," nilijibu, bila kufikiri.