Waifai ya Nyumbani Igalula

Nilikwenda Igalula na laptopu yangu ya zamani begini, nimeizungushia kanga isigongane na chupa za mafuta ya alizeti nilizomnunulia mama Dodoma. Tangu baba afariki mama alikuwa akiishi peke yake. Goti lake la kulia lilikuwa limeanza kumsumbua, na wajukuu aliwaona kwenye picha tu. Ndani ya nyumba simu yake ilishika mtandao kwa shida. Akitaka kuzungumza na sisi ilimbidi atoke nje, avuke uwanja, asimame karibu na banda la kuku na kupaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya reli.

Kompyuta ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nilijua la kufanya. Modemu yangu ya laini ya simu ningeitundika juu ya dirisha, upande uleule wa banda la kuku. Modemu ingeleta intaneti kwenye laptopu, na laptopu ingeirusha kwa waifai nyumba nzima. Laptopu hiyo inatumia Linux, mfumo huria ambao mtu huupata bure na kuurekebisha atakavyo, na nilikuwa na majivuno kwamba hakuna kinachonishinda humo. Ningeweza kupita Tabora mjini nikanunua kifaa cha waifai, nikakichomeka na kumaliza. Nilijiambia sina haja ya kununua kitu ninachoweza kukitengeneza mwenyewe. Lakini lilikuwapo jambo jingine ambalo sikulitamka hata moyoni. Nilitaka mama awe anatuona kwenye simu ili nisijisikie vibaya ninapokaa mwaka mzima bila kuja.

Jioni niliyofika, mama aliniambia dada yake anaumwa. Huyo ni mama yangu mkubwa, anaishi Kaliua na binti yake.

"Presha ilimpiga," mama alisema. "Mkono mmoja hauinuki na maneno yanamtoka kwa shida. Nilikuwa nakungoja wewe. Peke yangu na goti hili naogopa kupanda magari. Tuamke mapema tuwahi gari la Tabora, tukifika pale tuunganishe la Kaliua. Nimemwekea asali na matobolwa."

Alinionyesha kikapu. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani, na mama mkubwa aliyapenda tangu utoto wao.

"Sawa mama," nilisema. "Kesho niweke hii waifai, kisha twende."

Kesho yake waifai ilikataa. Programu ya kurusha mawimbi ilianza na kufa papo hapo. Nikagundua kwamba programu mbili zilikuwa zinagombea antena moja: hii yangu, na ile inayosimamia mitandao ya laptopu siku zote. Nikaiamuru ile nyingine iachie. Baada ya hapo programu yangu haikufa tena, lakini jina la waifai halikuonekana kwenye simu. Mchana mzima ulipita kabla sijagundua kwamba laptopu haijui iko nchi gani, na isipoambiwa nchi haithubutu kurusha baadhi ya mawimbi. Nikaiandikia Tanzania. Jina likatokea.

Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua mlenda. Alinisimulia habari za kijiji, nani ameoa, nani amehamia Igunga kulima mpunga. Nilimjibu kwa kuguna. Akawa anamaliza habari moja, ananyamaza kidogo kama anayeningoja, kisha anaanza nyingine.

"Kesho tutawahi?" aliuliza.

"Tutawahi mama. Imebaki kidogo."

Kwa kweli haikubaki kidogo. Simu iliipokea nywila, ikazunguka ikitafuta anwani, ikakata tamaa. Nilichukua simu ya mama niwe naijaribia, maana simu yangu ilikuwa inakwisha chaji. Siku ya pili yote nilihangaika na programu ya kugawa anwani, kumbe mlango wa mawasiliano inaoutumia ulikuwa umekaliwa na programu nyingine ndani ya laptopu. Nilipoiondoa, simu ikapata anwani, na intaneti ikaingia. Nilifungua video moja, ikacheza vizuri kabisa. Nilikuwa nageuka kumwita mama umeme ulipokatika, na betri ya laptopu hiyo ilishakufa zamani.

Umeme uliporudi, kila kitu kilionekana kizima. Simu iliunganishwa, anwani ilikuwapo, lakini intaneti haikupita.

Asubuhi iliyofuata nilikaa tena mezani kabla hata ya kunawa uso. Nilishuku kanuni za ulinzi zinazoamua nini kipite na nini kizuiwe, nikazifuta zote na kuanza kuziandika upya mstari kwa mstari. Nyuma yangu nilisikia mama akitembea, akifungua sanduku, akifunga mlango wa jikoni.

"Mwanangu, basi mimi natangulia," alisema.

"Sawa mama," nilisema.

Nilizisikia sauti tu, maana yake haikuniingia. Hata leo nikijiuliza nilidhani anatangulia wapi, sipati jibu. Sikugeuza shingo.

Jua lilikuwa limepanda sana nilipokumbuka. Kuna swichi moja ndani ya Linux inayoruhusu intaneti ipite kutoka upande mmoja wa mashine kwenda mwingine. Niliiwasha siku ya kwanza kwa muda tu, bila kuihifadhi, na umeme ulipokatika ikajizima. Kanuni zangu hazikuwa na kosa lolote. Nilibadilisha sifuri kuwa moja, nikahifadhi, nikazima laptopu na kuiwasha tena kuhakikisha. Intaneti ikapita.

"Mama, njoo uone," niliita.

Nilikwenda jikoni, nikakuta uji umefunikwa kwa sahani, umeshapoa. Kikapu hakikuwapo. Kitenge chake cha safari hakikuwapo kwenye msumari. Nikakimbilia simu yangu nimpigie, na simu yake ikaita mezani, kando ya laptopu, pale nilipoiweka mimi.

Nilitoka nje na miguu peku. Jirani yetu, mama wa makamo, alikuwa anaanika karanga.

"Shikamoo. Umemwona mama?"

"Marahaba. Mama yako nimempandisha mwenyewe kwenye gari la Tabora asubuhi. Kasema wewe una kazi." Alinitazama kidogo. "Hukujua?"

Nilirudi ndani nikatafuta namba ya binti wa mama mkubwa kwenye simu ya mama, nikampigia, haipatikani. Nikapiga tena na tena. Akilini nilimwona mama akishuka kwenye gari stendi ya Tabora, akishikilia mlango kwa sababu ya goti, kikapu mkononi, akiuliza watu gari la Kaliua ni lipi. Asingeweza kumpigia mtu yeyote. Nilifikiria kumfuata, nikahofia kwamba akipata simu ya mtu atapiga hii ya kwake na kukuta haina mtu. Nikakaa. Waifai ilikuwa inafanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia, ilifika mpaka jikoni, nami sikuwa na hamu nayo hata kidogo.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama simu ya mama ilipoita, simu ya video. Ilikuwa ni yule binti wa Kaliua, akasema chaji ilikuwa imemwishia. Aligeuza simu, nikawaona. Mama alikuwa ameketi kitandani, amempakata mama mkubwa kichwa, anamlisha matobolwa aliyoyaloweka kwenye chai.

"Nimefika," mama alisema. "Goti limevimba kidogo tu. Waifai imekubali?"

"Imekubali."

"Nakuona vizuri. Umekula ule uji?"

Nikasema nimekula.

Kesho yake nilipanda gari la kwanza. Nilipoingia chumbani, mama mkubwa alinitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa taabu, neno moja moja, kama tumekuja pamoja.

"Tumekuja wote," mama alijibu kabla sijafungua mdomo. "Mimi nilitangulia tu."

Nilipiga magoti nikamshika mama mkubwa ule mkono usioinuka. Ulikuwa mzito na wa baridi. Goti la mama lilikuwa limevimba kama papai, na siku zote nilizobaki za likizo nilizitumia pale, nikichemsha maji ya kulikanda. Usiku mmoja nilimwambia mama anisamehe. Akasema, "Ulikuwa na kazi, mwanangu," kwa upole kabisa. Kwamba tuna kazi ndiyo maneno ambayo mimi na kaka yangu tumemwambia miaka yote. Afadhali angenigombeza.

Mama mkubwa alipata nafuu, sasa anatembea kwa fimbo. Ile laptopu bado iko juu ya meza Igalula, na umeme ukikatika kisha ukarudi hujiwasha na kufanya kazi yenyewe. Mama hupiga kila Jumapili baada ya ibada. Huwaambia waumini wenzake kwamba binti yake ndiye aliyemletea waifai, na kuna siku huwaita wanisalimie mmoja mmoja, nami huwapa shikamoo huku nimeinamisha macho. Kwenye simu naona kwamba anatembea kwa kushika ukuta. Mwaka huu bado sijaenda.