Faili Moja la Kubofya

Kaka yangu tulimpachika jina la Huria, maana haimalizi siku bila kulitaja neno hilo. Programu huria, alivyotuhubiria mezani mpaka chai ikapoa, ni ile ambayo yeyote anaichukua bure, anaifungua aone ilivyotengenezwa, na kuibadilisha atakavyo. Yake ilikuwa hivi: unaandika maneno, kompyuta inayasema. Aliitengeneza kwa ajili ya shangazi yetu, aliyekuwa na uvimbe kooni na upasuaji ungemwondolea sauti. Kabla ya kulazwa, shangazi aliketishwa chumbani kwa Huria, madirisha yamezibwa kwa magodoro, akarekodiwa akisoma sentensi mpaka akachoka. Programu ikajifunza kusema kwa sauti yake yeye. Kwa hilo namvulia kofia.

Kasheshe ilikuwa kuiweka kwenye kompyuta. Kwenye ya shangazi aliiweka Huria mwenyewe. Wengine walioitaka walipewa mwongozo mrefu wa amri za kuandika herufi kwa herufi, na kabla ya hapo utafute programu nyingine kadhaa za kuisaidia. Wenzake waliomsaidia kazi walimsihi: tufunge kila kitu ndani ya faili moja, mtu abofye, basi. Huria akabetua midomo.

“Litakuwa zito kama gunia. Halafu mtu akibofya tu, atajifunza nini?”

Wakabishana miezi. Mimi nilimwambia anagawa baiskeli bure, vipande vipande, bila spana. Akacheka, na uamuzi ukabaki kiporo.

Asubuhi ya harusi ya binti pekee wa shangazi, kompyuta ya shangazi, aliyoitegemea kusema tangu upasuaji, iligoma kuwaka. Alikuwa ameshapanga kichwani atakachomwambia mwanawe ukumbini, kwa sauti yake. Nikaazima kompyuta ya jirani niiweke programu humo, nikaketi ukingoni mwa kitanda, simu nimeibana begani. Huria alikuwa bado njiani.

“Imeandika nini?” akauliza.

“Inasema kuna kitu hakipo.”

“Kipi? Rudi juu kwenye mwongozo, ile hatua ya...”

“Kaka, nipe faili moja nibofye!”

Nikasikia mngurumo wa basi alilopanda.

“Halipo,” akasema.

Shangazi, gauni lake jipya limeshavaliwa, alinigonga bega taratibu. Kwa ishara: inatosha, twende. Ukumbini alimshika binti yake mikono yote miwili, akachezesha midomo. Watu wakapiga makofi kwa adabu. Niliumia, na hasira zilinipanda, keki nikaiacha mezani. Wiki hiyohiyo bibi harusi akasafiri na mumewe, mbali.

Huria aliporudi kwake alijifungia, akalitengeneza lile faili. Kazi ya mchana mmoja tu. Alikiri mwenyewe, macho chini. Siku hizi watu asiowajua wanamwandikia kumshukuru kwa urahisi wa faili hilo, naye hajibu.

Tulilipeleka kwa shangazi pamoja, na kompyuta nyingine. Akabofya mwenyewe, na kabla hajavaa miwani yake vizuri programu ikawa tayari. Huria akamsogezea kibodi.

“Shangazi, mpigie binti yako basi. Mwambie yale uliyotaka kumwambia.”

Shangazi aliandika polepole, kwa kidole kimoja. Kisha sauti yake ileile tuliyokua tukiisikia ikatoka kwenye kompyuta, haina hasira hata chembe.

“Nitampigia, mwanangu. Ila yale yalikuwa ya siku ile.”